KUBASHIRI WATEULE WA TUZO ZA UIGIZAJI: MOYO KANDO, KALAMU MBELE

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi macho ninayo mawili mazima, na masikio pia, lakini mwaka huu ilibidi niambiwe. Ndiyo sababu nimeshika kalamu niwaeleze somo tulilolifanya katika chama chetu cha Kiswahili: namna ya kubashiri wateule wa tuzo za uigizaji. Najua wako watakaosema, "Ah, hilo nalo ni somo?" Subirini kidogo.

Kwanza tuelewane maneno. Mteule ni yule anayetajwa miongoni mwa wachache wanaowania tuzo, kabla mshindi hajatangazwa. Katika tuzo za Oscar huko Marekani, kila tuzo ya uigizaji huwa na wateule watano. Hapa Kenya tunazo tuzo za Kalasha, zilizoanzishwa na Tume ya Filamu ya Kenya mwaka 2009, nazo pia hutoa orodha ya wateule kwanza. Sisi wanafunzi tuna tamasha letu la drama na filamu, ambako waamuzi husoma majina ya waigizaji waliong'ara. Kubashiri, basi, ni kusema mapema nani watakuwemo. Si kupiga ramli, maana mpiga ramli haulizwi ushahidi. Mbashiri huulizwa.

1. Mkasa ulioniletea somo

Muhula wa kwanza shule yetu ilipeleka mchezo kwenye tamasha, ngazi ya kaunti ndogo, katika ukumbi wa shule moja hapa kisiwani. Rafiki yangu, ambaye tunakaa dawati moja, alipewa nafasi ya mzee mkali anayeuza shamba la wanawe. Alikuwa na maneno mengi kuliko wote. Akinguruma, hata waliokaa nyuma kabisa walishtuka. Mimi sikuwa jukwaani. Kazi yangu ilikuwa kuvuta pazia na kupanga viti.

Siku tatu kabla ya tamasha akaniuliza, "Waonaje, nitatajwa?" Nikamjibu bila kufikiri, "Weye umo. Hata usiwe na wasiwasi."

Kumbe neno langu alilibeba mpaka kwao. Mamake huuza mahamri na mbaazi asubuhi pale Kibokoni. Siku ile alifunga biashara mapema, akavaa buibui lake jipya, akaja kukaa safu ya pili. Majina ya waigizaji bora yakasomwa, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha. Rafiki yangu hakuwemo. Aliyetajwa kutoka mchezo wetu ni msichana wa kidato cha pili aliyeigiza mtumishi wa nyumba, mwenye sentensi saba tu tangu mwanzo hadi mwisho.

Mama yule hakumlaumu mtu. Alisema, "Mimi nimemuona mwanangu, yatosha." Lakini jioni, tulipokuwa tukipita Ndia Kuu kurudi nyumbani, rafiki yangu aliniambia neno ambalo mpaka leo halijanitoka: "Ungaliniambia 'huenda', ningalikuja na moyo mwingine."

Nilipomsimulia mwalimu mlezi wa chama, hakunikaripia. Alisema, "Basi tafuta kwa nini ulikosea, kisha uje utufundishe." Makala haya ndiyo matokeo ya kazi hiyo.

2. Swali la kwanza: nani anayepiga kura?

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: nilijiuliza nani ameigiza vizuri, na nikajijibu mwenyewe. Sikuuliza nani atakayeamua. Haya ni maswali mawili mbalimbali kama chumvi na sukari, ingawa kwa macho yanafanana.

Nyanya yangu alinisaidia kulielewa jambo hili. Yeye alikua hapa Mji wa Kale wakati watu wakijaa kwenye majumba ya senema kutazama picha za Kihindi. Picha anayoikumbuka zaidi ni Mother India ya mwaka 1957. Anasema wanawake walitoka leso zimelowa machozi, na yeye akajua papo hapo kwamba Nargis atatunzwa. Kweli, Nargis alipata tuzo ya Filmfare kwa picha ile. Je, nyanya alipiga ramli? Hasha! Tuzo za Filmfare, zilizoanza mwaka 1954, miaka ile zilitegemea kura za wasomaji wa gazeti lenyewe. Wapiga kura walikuwa watazamaji wa kawaida, kwa hivyo machozi ya watazamaji yalikuwa ushahidi halali.

Oscar ni mambo mengine. Huko, wateule wa uigizaji huchaguliwa na waigizaji wenyewe walio wanachama wa Academy, yaani chuo cha filamu cha Marekani. Waongozaji huteua waongozaji, wapiga picha huteua wapiga picha, na waigizaji huteua waigizaji. Wanachama wote hujumuika baadaye tu, katika kumchagua mshindi. Leso za watazamaji hazihesabiwi. Kalasha nayo ina njia yake: wako majaji, na wananchi nao hupiga kura. Kwa hivyo anayeonekana kila jioni katika vipindi vya televisheni vinavyopendwa ana nguvu ambayo huko Oscar asingekuwa nayo.

3. Kura huhesabiwaje?

Hapa ndipo darasa zima lilipochangamka, kwa hivyo naomba msomaji uchukue karatasi. Katika kuteua, mwanachama wa Academy huandika majina yasiyozidi matano kwa mpangilio: anayempenda zaidi nambari moja, anayefuata nambari mbili, na kuendelea. Kisha hutafutwa kiwango cha kura cha kumwezesha mtu kuwa mteule. Idadi ya kura hugawanywa kwa nafasi zilizopo kuongeza moja, halafu jibu huongezwa moja.

Tuchukue mfano wa darasa lenye wapiga kura 30 na nafasi 5. Tano kuongeza moja ni 6. Thelathini kugawanya kwa 6 ni 5. Ongeza moja, unapata 6. Kiwango ni kura 6. Hesabu hii inahakikisha kwamba hawawezi kupita zaidi ya watano, kwa sababu sita wenye kura 6 kila mmoja wangehitaji wapiga kura 36, nao hawapo.

Sasa tazama ajabu yake. Mwigizaji anayewekwa nambari moja na watu 6 amepita, hata kama wale 24 waliobaki hawamtaki kumsikia. Lakini mwigizaji ambaye watu wote 30 wamemweka nambari tatu hana kura hata moja katika duru ya kwanza, na huondolewa mapema. Wale wenye kura chache huondolewa mmoja mmoja, na karatasi zao hupewa jina linalofuata ambalo bado limo.

Maana yake ni nini? Bora wapenzi sita wa dhati kuliko marafiki thelathini wa "si mbaya". Ukibashiri wateule, usiulize tu nani anapendwa na wengi. Uliza nani anapendwa sana, hata na wachache.

4. Jaribio la kwanza: mwaka 2014

Baada ya nadharia, mwalimu alitupa jaribio. Aliandika ubaoni orodha za zamani, akaficha matokeo, nasi wanachama 22 tukatakiwa kuandika wateule watano na kutia karatasi ndani ya bahasha. Mmoja wetu akapendekeza kila mtu atoe shilingi kumi, mshindi achukue zote. Mwalimu akakataa katakata: "Hiyo ni kamari, na kamari humfanya mtu apende jibu lake kuliko kweli." Tukacheza bure.

Tuzo ilikuwa ya mwigizaji msaidizi wa kike katika Oscar za mwaka 2014. Hiyo ndiyo aliyoshinda Lupita Nyong'o wetu tarehe 2 Machi 2014 kwa filamu ya 12 Years a Slave, kwa hivyo yeye tulimjua. Kazi ilikuwa kuwapata wanne waliobaki. Dalili zetu zilikuwa orodha tatu zilizotangulia.

Chama cha waigizaji wa Marekani, Screen Actors Guild, kiliwateua Jennifer Lawrence, Lupita Nyong'o, Julia Roberts, June Squibb na Oprah Winfrey.

Tuzo za Golden Globe, ambazo wakati huo zilipigiwa kura na waandishi wa habari wa nchi za nje walioko Hollywood, ziliwateua Sally Hawkins, Jennifer Lawrence, Lupita Nyong'o, Julia Roberts na June Squibb.

BAFTA ya Uingereza iliwateua Sally Hawkins, Jennifer Lawrence, Lupita Nyong'o, Julia Roberts na Oprah Winfrey.

Hebu hesabu nawe. Lawrence, Lupita na Roberts wamo katika orodha zote tatu. Hao hawana matata, watie ndani. Zimebaki nafasi mbili, na wako watu watatu: Hawkins, Squibb na Oprah, kila mmoja akiwa na orodha mbili. Hesabu imegota hapo hapo!

Wanachama 19 kati ya 22 tuliandika Oprah. Kwa nini? Kwa sababu ndiye tuliyemjua. Bahasha zilipofunguliwa, mwalimu akasoma wateule wa kweli waliotangazwa Januari 2014: Hawkins, Lawrence, Lupita, Roberts, Squibb. Oprah hakuwemo. Ukumbi ukapiga kelele kama goli limekataliwa.

Je, kulikuwa na dalili? Ilikuwepo, ila haikuwa katika majina bali katika filamu. Filamu ya Oprah, The Butler, haikupata uteuzi hata mmoja wa Golden Globe. Nebraska ya June Squibb ilipata kadhaa. Blue Jasmine ya Sally Hawkins ilikuwa na Cate Blanchett, ambaye msimu ule alikuwa akitunzwa kila pembe kama mwigizaji mkuu, na kila aliyeitazama kwa ajili ya Blanchett alimwona Hawkins pia. Mpiga kura hawezi kumpigia asiyemwona. Umaarufu wa mtu ni kitu kimoja, na filamu yake kutazamwa na wapiga kura ni kitu kingine.

Kumbuka pia kwamba dalili hazilingani uzito. Jennifer Lawrence alishinda Golden Globe na BAFTA, Lupita akashinda ya Screen Actors Guild. Oscar ilikwenda kwa nani? Kwa Lupita. Waigizaji wengi wa Academy wamo pia katika chama kile cha waigizaji, kwa hivyo neno la chama lilikuwa karibu zaidi na masikio ya wapiga kura.

5. Jaribio la pili: mwaka 2020

Jaribio hili ndilo lililotuaibisha. Ilikuwa tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike, Oscar za mwaka 2020. Sisi wakati ule tulikuwa watoto wa shule ya msingi, hatukumbuki lolote. Lupita alikuwa ameigiza katika Us, filamu ya kutisha ya mwaka 2019, akishika nafasi mbili kwa pamoja: mama wa familia, na kivuli chake kinachotaka kumuua.

Screen Actors Guild: Cynthia Erivo, Scarlett Johansson, Lupita Nyong'o, Charlize Theron, Renée Zellweger.

Golden Globe, upande wa drama: Erivo, Johansson, Saoirse Ronan, Theron, Zellweger.

BAFTA: Jessie Buckley, Johansson, Ronan, Theron, Zellweger.

Juu ya hayo, wachambuzi wa filamu wa New York walimchagua Lupita mwigizaji bora wa kike wa mwaka mzima.

Tukatoa karatasi. Wanachama 21 tukamwandika Lupita. Mvulana mmoja tu wa kidato cha kwanza alimwacha nje, na alipoulizwa akasema, "Nimehesabu." Wallahi alizomewa! Mmoja akamwita msaliti wa Kenya. Mimi mwenyewe nilicheka.

Mwalimu akasoma matokeo: Erivo, Johansson, Ronan, Theron, Zellweger. Kimya. Hebu rudi juu uhesabu kama alivyohesabu yule mdogo wetu. Johansson, Theron na Zellweger wana orodha tatu. Erivo na Ronan wana mbili. Lupita ana moja. Watano wa kwanza kwa hesabu ndio watano waliotajwa, hakuna aliyezidi wala aliyepungua. Jibu lilikuwa ubaoni mbele ya macho yetu, lakini sisi tulikuwa tunasoma kwa moyo.

Ziko sababu nyingine pia. Us ilitoka Machi 2019, karibu miezi kumi kabla ya wateule kutangazwa, na filamu nyingi zinazowania tuzo hutolewa mwisho wa mwaka ili zikumbukwe. Tena filamu za kutisha mara nyingi hupitwa. Lakini hiyo si sheria ya msumari: Kathy Bates alishinda mwaka 1991 kwa Misery, na Januari 2025 Demi Moore aliteuliwa kwa The Substance. Dalili hukuonyesha njia, haikufungi kamba.

Hapo mwalimu alituuliza swali: "Je, Lupita aliigiza vibaya katika Us?" Tukajibu kwa sauti moja, "La!" Akasema, "Basi andikeni hili: kubashiri wateule si kumpima mwigizaji, ni kuwapima wapiga kura." Nilipoyaandika maneno hayo nilimtazama rafiki yangu wa dawati. Naye alikuwa akiyaandika, polepole, kama mtu anayenakili anwani.

6. Nirudi kwenye kosa langu

Sasa naweza kueleza kwa nini nilikosea katika tamasha. Baada ya michezo, waamuzi hutoa maoni yao mbele ya wote. Asubuhi ile, kabla yetu, walikuwa wamekwisha kusema mara tatu kwamba wamechoshwa na makelele jukwaani, kwamba sauti ya chini inayosikika ina nguvu kuliko kunguruma. Walimsifu mwigizaji wa shule nyingine kwa kunyamaza tu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nilisikia kila neno. Dalili ilikuja yenyewe mpaka sikioni, nami sikuiandika kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua. Yule msichana mwenye sentensi saba alikuwa akinyamaza vizuri kuliko wote. Waamuzi hawakumwonea mtu, walitunza walichosema watakitunza.

Lakini kosa kubwa si kukosea jina. Hata wabashiri stadi hukosea. Kosa ni kulitoa neno "huenda" mahali pake nikaweka "hakika", nikampa mtu akampelekee mamake. Ahadi ni deni, na mimi niliahidi kwa mali ya wengine, yaani kura za waamuzi.

Kwa hivyo siku hizi nafuata kanuni tano, nanyi mwaweza kuzichukua:

(a) Jua nani anapiga kura, na anahesabiwaje.
(b) Andika dalili zote, hata zile zinazokuudhi.
(c) Zipime, maana dalili iliyo karibu na wapiga kura ni nzito zaidi.
(d) Andika orodha mbili, "ninaowataka" na "ninaowadhani". Zikifanana mno, jishuku.
(e) Ukimwambia mhusika, anza na "huenda".

Zoezi

1. Shule ina wapiga kura 60 na nafasi 5. Kiwango cha kura ni ngapi?
2. Eleza tofauti kati ya mbashiri, mpiga ramli na mcheza kamari.
3. Kwa nini machozi ya watazamaji yalikuwa dalili nzuri kwa nyanya yangu, lakini ni dalili dhaifu kwa Oscar?
4. Orodhesha waigizaji watano wa mchezo wetu ujao unaowataka, kisha watano unaowadhani. Weka karatasi katika bahasha, usifungue mpaka siku ya tamasha.

Wasomaji wapenzi, nafasi imekwisha na mhariri ananitazama kwa jicho la pembe. Niongeze moja tu. Mchezo wa mwaka ujao umeanza kufanyiwa mazoezi, na rafiki yangu amepewa nafasi ya nahodha mzee. Juzi, tukiwa tumekaa ukutani karibu na Ngome ya Yesu tukila viazi karai, akaniuliza tena, "Waonaje, nitatajwa?"

Nikamjibu, "Huenda. Waamuzi bado siwajui."

Akacheka, akanisogezea ukwaju, akasema, "Basi hilo naweza kumwambia mama."